Safu ya Nne ya Mijohoro

Ghati alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa napalilia mchicha nyuma ya nyumba. Alisema baba yake, Mzee Marwa, alilala jana yake hakuamka, na kwamba watamzika Ijumaa nyumbani kwao Nyanungu. Hatukuwa tumezungumza kwa miaka mingi. Namba yangu aliipata kwa afisa kilimo mmoja niliyewahi kumfundisha kazi. "Ukiweza kuja, njoo," alisema. "Usipoweza, tutaelewa." Nikasema nitakuja. Kisha nikamalizia mistari miwili ya mchicha iliyobaki, maana ndivyo nilivyo: nikipewa habari nzito, mikono humaliza kwanza ilichokuwa ikifanya. Nimefanya kazi ya misitu mpaka nimestaafu, na wanaonifahamu wanadhani kazi hiyo niliijua chuoni. Sehemu kubwa niliijua katika mwaka mmoja nilioishi kwenye boma la mzee huyo, na si yote niliyojifunza pale yanayofaa kusimuliwa mbele ya wajukuu. Nitausimulia mwaka huo hata hivyo. Wa kuaibika ni mimi, na umri wangu wa kuogopa aibu umekwisha, au nilidhani umekwisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha misitu chenye alama ambazo sikupenda kuwaonyesha watu, na hamu kubwa ya kusoma stashahada. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu, Daktari Mbonea, Mpare wa maneno machache na mashati yaliyonyooka pasi, aliniajiri kwa mwaka mmoja nimtunzie jaribio lake kule Nyanungu. Aliniambia wazi siku ya kwanza: takwimu zikiwa safi, ataniandikia barua ya kunipendekeza chuoni. Bila barua hiyo, kwa alama zangu zile, hakuna chuo ambacho kingenitazama mara mbili. Niliitaka barua hiyo kuliko kitu chochote. Nilikuwa naiota na muhuri wake.

Miaka ile miche ilikuwa ikigawiwa vijijini kwa malori. Watu wanapanda, kiangazi kinaingia, miche inakufa, mwaka unaofuata inaletwa mingine. Baadhi ya vitalu vilikuwa vikiweka urea nyingi ili siku ya kugawa miche ionekane mirefu na ya kijani, na viongozi wanaopiga picha wapate kitu cha maana cha kusimama nacho. Daktari alitaka kujua jambo moja tu: mche ulioshibishwa naitrojeni udongoni, ukija kukosa maji, unavumilia zaidi au unakufa mapema kuliko mwenzake uliokulia kwenye udongo maskini? Ni swali zuri, na jibu lake linahitaji kuua miche mingi. Tulipanda mijohoro kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, tukatumia udongo mwekundu wa ng'ambo ya kijito, uliochakaa kwa kulimwa, tukauchanganya na mchanga. Tulipanga matuta matatu, na kila tuta lilikuwa na safu nne. Miche iliposhika, safu ya kwanza ilipata maji na urea. Ya pili ilipata maji bila urea. Ya tatu ilipata urea, lakini maji yake yalikuwa kikombe kimoja kila siku ya kumi. Ya nne ilipata kikombe hicho hicho cha siku ya kumi na urea haikuonja kabisa. Yaani ilikuwa na njaa na kiu kwa pamoja. Juu ya yote tulisimamisha paa la nailoni nyeupe, ili mvua isituharibie hesabu. Kila Jumatatu nilipima urefu kwa rula na unene wa shina kwa kalipa, nikahesabu majani, nikaandika. Mwisho wa mwaka tungeing'oa miche yote, tuioshe, tuikaushe, mizizi tuipime peke yake na majani peke yake.

Chumba changu kilikuwa ndani ya boma la Mzee Marwa. Kilijengwa kwa ajili ya mwanawe mkubwa, ambaye alikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo upande wa Matongo na hakuonyesha dalili ya kurudi. Kuta zilikuwa za udongo zilizosilibwa vizuri, bati moja lilikuwa na tundu la ukubwa wa shilingi, na mlango ulitazamana na zizi la ndama, kiasi kwamba kila asubuhi kitu cha kwanza nilichokiona duniani kilikuwa pua ya ndama. Chini ya kitanda cha kamba niliweka sanduku la bati lenye bahasha za kaki za Daktari, ambazo mwisho wa mwaka zingewekwa miche mikavu. Ukuta wa nyuma ulipakana na jiko la Mama Ghati, mke wa mzee, na kupitia ukuta huo nilijua kila kilichopikwa na kila aliyesengenywa. Chakula kilikuwa ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mgumu, wa kukatwa kwa kidole kilichojiamini. Kulikuwa na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi, na dagaa wa ziwani siku za neema. Wiki ya kwanza nilikula kama mtu anayetafuna dawa. Mama Ghati alinitazama akacheka mpaka akashika mbavu. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa naomba nyongeza.

Mzee Marwa alikuwa mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na kitu, na Kiswahili chake kilikwenda moja kwa moja, hakikupitia kwa tafadhali. Daktari alimwajiri kuwa mlinzi wa kitalu. Kazi yenyewe ilikuwa kupambana na mbuzi mchana kutwa, na malipo yake makubwa yalikuwa gunia la unga kila mwezi, ambalo gari la Daktari lililileta. Asubuhi ya kwanza niliyopita na keni ya kumwagilia, nikanywesha safu mbili na kuziruka mbili, alinifuata nyuma mpaka nilipomaliza.

"Binti," alisema, "hiyo miti imekukosea nini?"

"Haijanikosea, baba. Tunataka kujua itavumilia kiasi gani."

"Na mkishajua?"

"Tutajua tuwape watu miche ya namna gani."

"Ungeniuliza mimi. Ng'ombe mkubwa mwenye maziwa mengi ndiye anayeanguka kwanza kiangazi. Yule mdogo, mbaya, uliyemdharau, unamkuta bado amesimama."

Nilitabasamu kama wanavyotabasamu vijana wenye cheti. Sikuandika popote. Daftari la Daktari lilikuwa na nafasi ya urefu, unene na majani. Halikuwa na nafasi ya ng'ombe.

Mwaka huo vuli haikuja. Masika ikaja wiki mbili, ikaondoka bila kuaga. Mahindi yalifika magotini yakajikunja, kijito kikawa mashimo, na akina mama wakaanza kutembea mbali zaidi na ndoo. Katika hali hiyo, ndani ya kijiji ambacho kila mtu alikuwa anatazama juu, kulikuwa na binti mgeni aliyejenga paa la nailoni kwa makusudi, ili mvua isipite. Leo naona jinsi jambo hilo lilivyoonekana. Wakati ule nililiona kuwa ni utaratibu wa kitaalamu. Jioni, kupitia ule ukuta, nilisikia wageni wa Mama Ghati wakizungumza Kikurya, nami sikuambulia kitu, isipokuwa neno moja lililojitokeza kila baada ya muda: nailoni. Nailoni hivi, nailoni vile. Nilimuuliza Ghati, binti yao, ambaye tulikuwa takriban rika moja na tulishazoeana. Alijaribu kunificha, kisha akasema, "Wanasema mvua inafika hapa, inaona imefungiwa mlango, inageuza." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Haikupita wiki wazee wa mila wakaja. Walikuwa watatu, na fimbo zao, wakasimama nje ya uzio wa kitalu bila kuingia. Niliwasalimia shikamoo, wakaitikia marahaba, na hapo ndipo sehemu yangu ya mazungumzo ilipokwisha. Yaliyofuata yalikuwa Kikurya, na Ghati alinitafsiria kwa sauti ya chini. Walitaka nailoni ishuke siku hiyo hiyo. Mzee Marwa hakubishana nao kuhusu mvua. Hakusema habari za utafiti wala za serikali, mambo ambayo mimi ningeyasema na yangeniharibia. Alisema: "Huyu analala kwangu na anakula kwangu. Ni mtoto wa nyumba yangu. Akikosea, nimekosea mimi. Mkitaka kutoza, njooni zizini kwangu." Wazee walisogea kando, wakashauriana. Mwishowe wakasema nailoni ibaki mpaka kazi ya binti iishe, na lolote litakalotokea liko juu ya boma la Marwa. Baada ya siku hiyo wako watu waliokataa kumsalimia mnadani. Yeye alilipokea hilo kama alivyopokea jua. Unga wa Daktari sasa ndio uliokuwa unalisha nyumba ya watu saba, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kutunza kazi yake, lakini siamini kwamba alisimama pale kwa ajili ya unga tu.

Mabadiliko yalianza na rangi. Miche ya safu ya nne ilikuwa ya manjano na mifupi tangu mwanzo, kama tulivyotegemea, yenye majani manne matano yaliyoinama. Jumatatu moja nikaona majani machanga ya kijani. Jumatatu iliyofuata urefu umeongezeka. Nilipima tena, nikadhani rula imeniponyoka. Safu ya tatu, iliyokuwa na urea na kiu, ilikuwa inakauka mbele ya macho yangu, majani mapana yakianguka kama karatasi. Safu ya nne, isiyo na urea wala maji, ilikuwa inapendeza. Nilimwandikia Daktari, na barua nikampa dereva wa basi la Tarime. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja: "Rehema, ikiwa hii ni kweli, ni jambo jipya kabisa. Pima kwa uangalifu. Nimeanza kuandika barua yako." Niliisoma mara tatu mlangoni, ndama akinitazama. Usiku huo sikupata usingizi kwa furaha, na nilichoona akilini hakikuwa mijohoro wala wakulima. Nilijiona mimi nikiwa chuoni.

Siku chache baadaye niliamka kabla ya jua kwa sababu ya tumbo tu. Niliporudi kutoka chooni nikamwona Mzee Marwa ndani ya kitalu na kibuyu mkononi. Alikuwa ameinama, anakwenda kiriba kwa kiriba, safu ya nne tu, kila mche anauinamishia kibuyu kidogo kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Hakushtuka aliponiona. Nilimsalimia, akaitikia, akaendelea. Nilipofika karibu nikasikia harufu, nikaelewa kwa nini majani yalikuwa ya kijani.

"Ni maji gani hayo, baba?"

"Ya kusuuzia vibuyu, na ya zizi la ndama. Ya kunywa sigusi, hatuna." Alinyooka akashika kiuno. "Wale wengine umewapa chakula, au umewapa maji. Hawa umewanyima vyote. Hata ndama aliyefiwa na mama yake tunamshikia chuchu ya ng'ombe mwingine. Siwezi kulinda kitu ninachokiona kinakufa, na mvua tunaiomba kila siku. Tutaiombaje na sisi wenyewe tunanyima?"

Mkojo wa ndama ni naitrojeni, msomaji. Ndani yake mna urea ile ile tuliyoinunua kwa gunia. Alikuwa ameilisha safu ya njaa na kuinywesha safu ya kiu kwa wakati mmoja, na alichagua hiyo kwa sababu moja tu, kwamba ndiyo iliyoonewa zaidi. Yeyote aliyekulia kwenye kilimo cha miche angejua kwamba mlinzi hamwagilii. Yeyote aliyekulia zizini angefanya alichofanya Marwa. Na mimi nilipaswa kusema pale pale: baba, umeharibu kazi, acha, nitamwandikia Daktari leo. Tungepoteza safu moja na wiki chache. Badala yake nilifikiria ile barua iliyokwisha kuanza kuandikwa, nikasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja hadi leo. Nilisema: "Basi Daktari asijue."

Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali, akainamia mche unaofuata. Nadhani alidhani ninamficha yeye.

Kwa wiki tatu niliandika tarakimu ambazo kwa rula zilikuwa sahihi kabisa na kwa kila kitu kingine zilikuwa uongo mtupu. Sikujiona mwongo. Nilijiambia kwamba mimi napima tu. Anayemwagilia ni mwingine. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji shule, lakini shule inasaidia. Kila asubuhi nilichelewa kuamka kwa makusudi ili nisimwone, na kila Jumatatu nilihesabu majani mapya.

Daktari alikuja bila kutoa taarifa, siku ya Alhamisi, gari likiwa na gunia la unga la mwezi huo nyuma. Hakutaka chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye safu ya nne, akachuchumaa, akatazama, akatoa kisu mfukoni akapasua kiriba kimoja kutoka juu hadi chini. Mche uliokulia kwenye kiu hupeleka mzizi chini kabisa kutafuta unyevu. Huu ulikuwa na mizizi mingi, laini, iliyojikusanya juu juu karibu na mdomo wa kiriba, mahali ambapo kitu kilikuwa kinamiminwa kila siku. Daktari aliushika ule udongo akaunusa. Akapasua cha pili, na cha tatu. Kisha akauliza, akitutazama wote wawili, nani anaimwagilia.

"Ni mimi," alisema Mzee Marwa. Alijibu kana kwamba ameulizwa nani kafungua geti.

Daktari alinigeukia. Hakupaza sauti. "Rehema, wewe ulijua?"

Mzee Marwa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Mtu aliyesema mbele ya wazee wa mila kwamba kosa langu ni kosa lake alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na mimi nikasema, "Hapana, Daktari. Sikujua."

"Hakujua," alisema Mzee Marwa haraka. "Mimi huja kabla hajaamka."

Daktari Mbonea hakuwa mtu mbaya, naomba ieleweke. Alikuwa amepoteza kazi ya miezi tisa. Alimlipa mzee siku zake, akamwambia asikanyage tena kitaluni, na gunia la unga lililokuwa nyuma ya gari akaenda kulishusha shule ya msingi. Mimi aliniambia nizitupe takwimu za safu ya nne, niendelee na zilizobaki, na nijifunze kuamka mapema. Kuhusu barua hakusema kitu, na kutokana na ukimya huo nikajua bado ipo.

Jioni ile nililetewa sahani yangu kama kawaida. Nilikuwa nimepanga kuhama, nikatafuta chumba pengine, hakuna aliyetaka kumpangisha mwenye nailoni. Kwa hiyo nilibaki wiki nyingine kumi na moja kwenye boma la mtu niliyemponza. Unga ulipokatika, nyumba ile iliingia kwenye uji wa mchana, kisha uji wa jioni tu. Niliyasikia yote kupitia ukuta: mwiko ukikwangua chungu mapema kuliko zamani, Mama Ghati akiwaambia watoto wanywe maji kwanza. Lakini sahani yangu haikubadilika. Ugali ule ule, ukubwa ule ule, na dagaa wakipatikana walikuwa wangu. Nilisema nimeshiba, akasema mgeni hashibi kabla ya mwenyeji. Nilinunua debe la mahindi mnadani nikamletea. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kesho yake akaniwekea ugali mkubwa zaidi. Nilikuwa naula mlango ukiwa umefungwa. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumeza, kisha nikameza, kwa sababu nilikuwa na njaa. Mzee Marwa alinisalimia kila asubuhi kama zamani na hakunitaja hata kwa jicho. Laiti angenitukana mara moja, kwa Kikurya, mbele ya ndama.

Mwezi wa pili baada ya kufukuzwa alikata shauri kuhamishia ng'ombe Kisaka, wilaya ya Serengeti, kwa shemeji yake ambako kulikuwa bado na majani. Ghati na wadogo zake walikwenda nao. Ng'ombe wawili walianguka njiani, na mmoja alikuwa yule wa maziwa mengi. Ghati alipangiwa kuanza kujifunza cherehani Tarime mwaka huo. Cherehani ikasubiri, na ilipokwisha kusubiri yeye alikuwa ameolewa Kisaka na ana watoto wawili. Haya aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, tulipokutana kwa bahati kituo cha mabasi cha Mugumu, bila lawama yoyote, akinichagulia ndizi.

Tuling'oa jaribio mwisho wa mwaka. Nilikaa siku nne nikiosha mizizi kwenye beseni moja la maji ambalo nililionea haya. Miche ya safu ya tatu ilikuwa imekufa karibu yote. Ilikuwa na shina refu na makovu mengi ya majani, na chini mzizi mfupi usiozidi kidole. Safu ya nne hatukuwa nayo ya kulinganisha. Daktari alirudia jaribio mwaka uliofuata mahali pengine, bila mimi na bila zizi jirani, na majibu yalikuwa yale aliyoniambia Mzee Marwa siku ya kwanza: uliolishwa sana ulijenga majani mengi na mzizi haba, maji yalipokatika ukatangulia kufa, uliokulia kwenye njaa ulidondosha majani, ukanyauka, ukasubiri. Nimesikia watu wakiligeuza jambo hili kuwa mahubiri kuhusu malezi ya watoto. Mche ni mche. Hauna dhamiri, na ndiyo sababu nimefanya nao kazi kwa raha. Siku ya tatu baada ya kushusha nailoni, mvua ilinyesha kutwa nzima. Maelezo sina, na wazee wa mila hawakuniomba.

Barua niliipata. Ilikuwa na muhuri, na ilinisifu kwa uaminifu. Nikasoma, nikaajiriwa, nikapandishwa vyeo, nikafundisha vijana kwamba mtafiti anayeficha kosa la shambani ni mwizi, na nilikuwa mkali sana kwenye jambo hilo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na mwisho wake nikapewa pensheni.

Nilifika Nyanungu Ijumaa saa tano, jeneza likiwa tayari uani. Mzee alikuwa ameishi zaidi ya miaka tisini. Watoto, wajukuu na vitukuu walijaa mpaka nje ya uzio. Sura yake niliiona kwenye nyuso nyingi mno. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilipanga kumwita Ghati pembeni baada ya mazishi na kumwambia mambo yalivyokuwa, maneno machache tu, nilijua na nikakana, halafu afanye atakavyo. Tulipomaliza kufukia tukakaa chini ya turubai. Fahali alikuwa amechinjwa, sinia zikaanza kupita. Kabla sijamwita, Ghati mwenyewe akasimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mikono yote miwili mabegani, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie:

"Watoto, huyu ndiye yule wa miti. Tata Marwa alituambia siku ile ile aliyofukuzwa: huyu binti alimwambia mkubwa wake, ukimfukuza mzee, na mimi naondoka. Mkubwa akakataa kumsikia. Tata alisema tusije tukamchukia, tumlishe, maana alimtetea mpaka akalia."

Mjukuu mmoja, kijana mkubwa mwenye shati jeupe, aliniinamia kwa heshima kuniweka sahani mkononi. "Shikamoo, bibi. Ni kweli ulisema hivyo?"

Nilimtazama. Nikaangalia udongo mpya uliolowa kule upande wa zizi, na nyuso zote zile zinazonisubiri.

"Marahaba," nikasema. "Ndiyo. Nilisema."

Ghati akaniongezea nyama, na nikaila.